Mama Randa na Mtu wa Mlangoni

"Shangazi, ukishamwambia apishe, unajuaje kama ameshapisha?"

Aliyeuliza alikuwa binti wa miaka saba, ameketi juu ya rundo la mbao huku miguu ikining'inia, meno mawili ya mbele hayapo. Aliyeulizwa alikuwa Mama Randa, dada wa baba yake, mwanamke pekee mwenye karakana ya useremala katika mtaa ule. Mkono wake ulibaki juu ya swichi ya msumeno wa meza. Alimtazama mtoto, akageuka akautazama mlango, ambao ulikuwa wazi na hauna mtu. Halafu akasema, "Nenda kwa mama yako, umekaa sana kwenye vumbi," na swali likaachwa hapo hapo kama kipande cha mbao ambacho hakifai kwa kazi yoyote lakini hakitupwi.

Ili uelewe kwa nini swali dogo kama lile lilimkausha midomo mtu mzima, lazima uingie kwanza kwenye karakana yenyewe.

Ni chumba kirefu cha matofali, dirisha moja upande wa mbele na mlango mmoja upande wa nyuma. Katikati umesimama msumeno wa meza. Anayepasua mbao huangalia dirisha, na mlango humkalia mgongoni. Ukisimama kwenye kizingiti ukafumba jicho moja, utaona meno ya msumeno yamekuelekea wewe barabara, kama uzi ulionyooshwa kutoka chuma hadi kifuani mwako. Mwashi aliyejenga hakuwa na habari za misumeno. Aliweka mlango palipobaki nafasi.

Kwenye mwimo wa kulia wa mlango huo kuna kovu. Mti umebonyea ndani, pembe nne kali, ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, kimo cha mbavu za mtu mzima. Mama Randa ana gundi, ana unga wa mbao, ana msasa wa kila aina, na ameziba matundu ya nusu ya samani za mtaa. Kovu lile hajaliziba.

Halafu kuna sakafu. Msumeno ukifanya kazi, unga wa mbao hutua kila mahali: juu ya meza, juu ya redio, juu ya nyusi za Mama Randa, hata ndani ya kikombe ukikisahau wazi. Lakini hatua chache kutoka mlangoni, kwenye mstari ule ule wa msumeno, palikuwa na sehemu mbili ambazo unga haukutua. Zilikaa sambamba, ndefu kidogo, nyembamba upande mmoja. Ungeziona ungesema ni nyayo za mwanaume amesimama anasubiri, vidole vikielekea msumenoni.

Fundi umeme aliwahi kulieleza jambo hilo. Alipiga magoti chini ya mashine akaonyesha kwa bisibisi. "Mota ina feni, Mama Randa. Feni inapuliza, upepo unatokea kwenye matundu haya mawili, unafagia pale. Basi, hamna cha ajabu."

"Nimekuelewa, fundi."

"Watu wanapenda kujitisha bure."

Akakusanya vyombo vyake, akaaga, na alipokuwa akitoka akazizunguka zile nyayo kwa mbali, bega likisugua ukuta.

Mama Randa anapopasua ubao kwa urefu, hana haraka hata kama mteja amesimama anatikisa funguo. Kwanza hunyoosha ukingo mmoja kwa randa, kwa sababu ubao wenye ukingo uliopinda hauwezi kuegemea vizuri kile chuma cha pembeni kinachouongoza, ambacho yeye hukiita ukuta. Hupandisha msumeno hadi meno yachungulie juu ya ubao kidogo tu, kiasi cha ukucha. Hukunja mikono ya shati juu ya viwiko, huchomeka ncha za kilemba ndani, huvaa miwani. Glavu havai. Anasema glavu ikishikwa na jino moja, mkono mzima unafuata kuangalia kuna nini.

Halafu hugusa ulimi. Ulimi ni bapa la chuma lililosimama nyuma tu ya msumeno, upande wa dirisha, jembamba kama kadi. Ubao ukishapasuliwa, nusu zake mbili hupita kushoto na kulia ya bapa hilo, nalo huzizuia zisirudiane. Maana kuna mbao zenye kinyongo. Mti ulikua kwenye mteremko, ukapigwa na upepo upande mmoja miaka nenda miaka rudi, ukakakamaa ndani kwa ndani. Unapoupasua, kinyongo kinafunguka: nusu mbili zinarukiana, zinaubana msumeno katikati, na msumeno unaozunguka hautaki kubanwa. Unaunyakua ubao na kuurusha ulikotoka. Hauurushi dirishani. Unaurusha nyuma, mlangoni, kasi ambayo jicho halioni.

Ndiyo sababu Mama Randa husimama kushoto, pembeni ya mstari, na kipande chembamba hukisukuma kwa kijiti, vidole vikiwa mbali.

Na ndiyo sababu, kabla ya kuwasha, hugeuka nyuma, huzitazama zile nyayo mbili, na kusema kwa sauti ya kawaida, kama unavyomwambia mtu aliyeziba njia dukani, "Pisha ubao."

Halafu husubiri. Midomo yake hucheza kidogo. Ukimkaribia utasikia anahesabu. Akifika kumi, huwasha.

Mumewe alikuwa akiitwa Taratibu. Jina hilo alipewa na wenzake tangu ujana, na hakuna aliyewahi kusema halimfai. Alikuwa mtu ambaye akitumwa chumvi, mboga inaiva, inapakuliwa, inaliwa bila chumvi, na vyombo vinaoshwa ndipo anabisha hodi. "Ningeolewa na kobe," Mama Randa alikuwa akisema, "ningekuwa nimefika mbali." Na Taratibu angecheka, naye hata kicheko chake kilichelewa kuanza.

Yeye ndiye aliyemfundisha kazi. Msumeno ule ulikuwa wake, lakini baada ya mwaka mmoja mkono uliokuwa mzuri zaidi ulikuwa wa mkewe, naye akauachia bila kinyongo, akashika kazi ya kusugua, kupaka rangi na kuchemsha chai.

Siku ya ajali ilikuwa saa sita mchana, jua kali, watu tele barabarani. Mama Randa alikuwa anapasua. Taratibu aliingia na chupa ya chai. Ubao ukarudi.

Mama Randa hakuuona ukiondoka. Alihisi tu kwamba mikono yake imeshika hewa, akasikia mlio kama kofi, na alipogeuka mumewe alikuwa amesimama kwenye mstari wa msumeno, ameinamisha kichwa kidogo kama mtu anayesikiliza simu. Ubao ulikuwa umemchapa ubavu wa kushoto ukaishia kwenye mwimo wa mlango. Chupa ya chai ilikuwa bado mkononi. Aliiweka chini, wima. Haikumwagika hata tone.

"Nimekaa vibaya," alisema Taratibu. "Kosa langu."

Alikataa katakata kwenda hospitali. Alisema ni maumivu ya misuli, yatapita. Jioni alikula. Asubuhi alikuja kazini kwa miguu yake, akafagia karakana yote, akasalimiana na wapita njia. Saa sita mchana, saa ile ile, alikaa kwenye benchi karibu na dirisha, akasema ana kiu. Mama Randa alipoleta maji, alimkuta amekaa vile vile, macho kwenye mlango. Daktari alieleza baadaye kwamba damu ilikuwa ikivuja ndani polepole tangu jana yake. Majirani hawakukumbuka maelezo ya daktari. Walikumbuka kwamba mtu alipigwa jana akafagia leo, na wakaanza kusema kwamba yule aliyekuja kufagia hakuwa mtu aliye hai.

Mama Randa aliyasikia yote hayo. Wiki mbili baadaye alifungua karakana, akawasha msumeno, na unga ulipotua sakafuni aliona sehemu mbili zimebaki wazi.

Miaka ikapita. Watu walizoea, au walijifanya wamezoea. Wateja walisubiri nje, kwenye kivuli cha ukuta. Kazi yake ilikuwa safi mno kiasi kwamba hofu haikuweza kushindana nayo.

Mambo yalibadilika alipokuja mwalimu mkuu. Shule ilitaka rafu za maktaba, kazi ya miezi miwili, na mwalimu mkuu hakuwa mtu wa kusubiri nje. Aliingia na karatasi yake ya vipimo, akapita mlangoni hatua chache, akasimama akisoma. Mama Randa aligeuka, akatazama sakafuni karibu na viatu vyake, akasema, "Pisha ubao."

Mwalimu mkuu alisogea. "Samahani, sikujua niko njiani."

"Si wewe, mwalimu."

Midomo ya Mama Randa ikaanza kuhesabu. Mwalimu mkuu alitazama chini, akaona zile nyayo mbili safi katikati ya vumbi, hatua moja tu kutoka alipokuwa yeye. Alikunja karatasi yake mara nne, akasema ana kikao, akaenda. Kesho yake alituma ujumbe kwa kaka wa Mama Randa: wazazi wanaongea, na shule haiwezi kuweka vitabu vya watoto kwenye rafu zilizotengenezwa na mama anayezungumza na maiti, kwa hiyo aache au kazi itapewa mwingine.

Kaka yake huyo ni fundi cherehani, mdomo wake hauna breki kama ilivyo cherehani yake. Alifika asubuhi na utepe wa kupimia shingoni.

"Dada, unataka wakufungie?"

"Karibu, kaka. Kaa."

"Sikai. Nikikaa humu nitaambiwa nimemkalia mtu."

Mama Randa hakuweza kujizuia, akacheka.

"Unacheka. Mimi wateja wananiuliza kama na sindano zangu zinajibu salamu. Dada, mtoto wa mama yangu, nakuomba. Mashine washa, mbao pasua, mdomo funga. Rafu zikiisha, ongea naye hata kwa kipaza sauti."

"Si kuongea naye."

"Ni nini sasa?"

Mama Randa alifagia unga juu ya meza kwa kiganja. Kulikuwa na jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote. "Basi," alisema. "Nitanyamaza mpaka rafu ziishe."

Siku ya kwanza alipasua mbao kumi na mbili bila neno. Hakugeuka nyuma hata mara moja, kwa sababu angegeuka kumwangalia nani kama hana la kumwambia? Kazi ilikwenda kasi. Jioni alipokuwa anafunga mlango aliona kwamba zile nyayo hazina vidole. Unga ulikuwa umetua upande wa mbele, mwembamba kama poda.

Siku ya pili vilipotea visigino.

Ni kweli kwamba alikuwa amepanga mbao za rafu chini ya mashine, mbele ya yale matundu ya feni. Fundi umeme angekueleza vizuri. Mama Randa mwenyewe alijieleza hivyo hivyo akiwa amesimama kizingitini na kufuli mkononi, na bado hakupenda kupita pale. Ilikuwa kama mtu anayeondoka kwa mwendo wake aliouzoea, kidogo kidogo, kwa kuwa hakuna aliyemwambia lolote.

Siku ya tatu vilibaki viduara viwili vidogo, kama vya ncha za fimbo.

Siku ya nne, asubuhi, alikata mifereji ya kushikilia rafu. Mfereji haupasui ubao hadi upande wa pili, kwa hiyo ulimi, ambao husimama juu kuliko meno, unazuia kazi hiyo. Lazima utolewe. Aliutoa, akautundika kwenye msumari wake ukutani, akakata mifereji yote. Saa sita kasoro alimaliza, akapandisha msumeno, akasogeza ule ukuta wa chuma, akachukua ubao mrefu wa kupasua. Alivaa miwani. Akachomeka kilemba. Mkono ukaenda kwenye swichi.

Hakukuwa na la kusema, kwa hiyo hakusema. Hakukuwa na wa kusubiri, kwa hiyo hakusubiri. Aliwasha.

Msumeno uliingia kwenye mti kwa sauti yake ya siku zote. Shubiri moja. Shubiri mbili. Halafu sauti ikashuka, ikawa nzito, kama mtu anayezungumza huku ameshikwa shingo. Mama Randa aliihisi viganjani kabla hajaisikia: ubao ulikuwa unatetemeka, unataka kurudi. Na bila kufikiri, kwa mazoea ya miaka yote ile, shingo yake iligeuka nyuma.

Sakafu ilikuwa nyeupe yote. Hapakuwa na nyayo, wala alama. Unga ulikuwa umetanda sawasawa kutoka msumenoni hadi kizingitini kama shuka.

Goti lake lilipiga kibao alichokipigilia kwenye swichi ili aweze kuzima bila kuachia ubao. Mota ikakatika. Msumeno uliendelea kuzunguka kwa nguvu iliyobaki, ukaung'ata ubao, ukaurudisha nyuma kiasi cha kiganja, ukaukwaruza, ukachoka. Ukasimama. Nusu mbili za ubao zilikuwa zimeubana kama koleo. Mama Randa alikuwa bado kushoto, mikono yote miwili mahali pake, vidole kumi. Alitazama nyuma ya msumeno, ambako palipaswa kuwa na ulimi. Kisha akatazama ukutani. Ulimi ulikuwa unaning'inia kwenye msumari.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka.

Kaka yake aliingia akiwa anaongea tayari, maneno yalitangulia miguu, ana kitambaa cha kufunikia rafu begani. Alichukua hatua kadhaa akasimama barabara kwenye mstari, juu ya ule unga ambao haujakanyagwa, ncha za viatu zikielekea msumenoni.

"Mbona kimya humu? Nimesema unyamaze na yeye, sikusema unyamaze na dunia nzima."

Mama Randa alivua miwani.

"Pisha ubao, kaka."

"Ubao upi? Mashine si umezima?"

"Pisha."

Kitu fulani katika uso wa dada yake kilimfanya apige hatua pembeni bila mzaha. Na alipoondoka, nyuma yake, katikati ya weupe ule, zilibaki nyayo mbili safi, sambamba, pale pale zilipokuwa siku zote.

Binti wa kaka, yule aliyewahi kuuliza swali lile, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na tano na meno yake yote, alikuwa amesimama nje na mkoba wa shule. Aliona baba yake anatazama chini.

Mama Randa alikwenda ukutani akauchukua ulimi kwenye msumari. Aliushika kwa mikono miwili.

"Siku ile pia ulimi ulikuwa kwenye msumari huu," alisema.

"Siku ipi?" kaka yake aliuliza, ingawa alijua.

"Jana yake nilikata mifereji ya droo. Nikautoa, nikautundika. Kesho yake nikapasua bila kuangalia. Taratibu aligundua asubuhi ile ya mwisho, kabla hajakaa kwenye lile benchi. Alipokuwa anafagia aliuona kwenye msumari. Aliuchukua, akaurudisha kwenye mashine mwenyewe, taratibu, akakaza skrubu. Hakuniuliza kitu. Na siku ya ubao, mlango niliusikia, kaka. Nilisikia anaingia. Nikasema moyoni, namaliza huu kwanza ndiyo nimwambie asogee." Alifuta miwani kwa ncha ya shati ingawa haikuwa na vumbi. "Ukiniambia nisiseme, siangalii ulimi. Nisipoangalia ulimi, siangalii mlango."

Fundi cherehani alivua utepe shingoni, akauzungusha kidoleni, akaufungua tena.

"Nitamwambia mwalimu mkuu," alisema mwishowe, "kama anataka mafundi bubu, akawatafute huko waliko." Kisha akasaidia kuchomoa ubao uliobanwa, akazitoa mbao za rafu chini ya mashine moja moja, na hakukanyaga tena mstari ule, hata kwa bahati mbaya.

Mama Randa alirudisha ulimi mahali pake, akakaza skrubu, akaujaribu kwa kidole. Aliugeuza ubao wenye kinyongo, akauweka kando, akachagua mwingine. Akanyoosha ukingo wake. Akauegemeza kwenye ukuta wa chuma. Binti alikuwa ameingia, ameketi juu ya rundo la mbao lililo pembeni, mbali na mstari, na sasa miguu yake ilifika chini.

Mama Randa aligeuka nyuma. "Pisha ubao," alisema. Midomo yake ikaanza kucheza.

Ilipotulia, kabla mkono haujagusa swichi, binti aliuliza, "Shangazi, unajuaje kama ameshapisha?"

Safari hii hakuambiwa aende kwa mama yake. Mama Randa alizitazama nyayo, akautazama mlango uliokuwa wazi, na jua la saa sita likiwa limelala kizingitini.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Kutoka pale hadi nje ni hatua tano, na yeye hakuwa mtu wa haraka. Nampa kumi."